Fundi Anajibu: Rejeta Ipi Ifungwe Chumba Gani?

Safari hii barua karibu zote zinauliza rejeta. Najua wengi mkisikia neno hilo mnawaza ile ya gari, na hamjakosea sana. Maji ya moto yanapita ndani, hewa inapita nje, joto linahama. Tofauti ni kwamba gari linataka kulitupa joto hilo, nyumba inalitaka libaki. Hizi za nyumbani nimezifunga na kuzifungua kwa miaka 28, na goti langu la kushoto ni shahidi. Tuanze.

SWALI: Shikamoo fundi. Sebule yetu ina rejeta moja ya zamani, ile ya nguzo nguzo, nzito ajabu. Mke wangu anataka tuing'oe tuweke ya kisasa, nyembamba. Muuzaji katuambia alumini ndiyo bora kuliko zote, tena tupige wati 100 kwa kila mita ya mraba. Sebule ni mita 5 kwa 4, iko kwenye kona ya jengo, kuta mbili za nje ni matofali matupu, madirisha mawili ya kioo kimoja. Juu na chini yetu wanaishi watu. Baridi ikikolea, nje hushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Nichukue ya wati 2,000? — Baba wa sebule baridi

JIBU: Marahaba, baba. Nimefurahi kwamba umeeleza kuta na madirisha, maana inaonekana muuzaji hakukuuliza. Mimi nikiingia nyumbani kwa mtu siangalii rejeta kwanza. Naweka kiganja ukutani, napitisha mgongo wa mkono pembezoni mwa dirisha nione kama kuna upepo unaopenya, ndipo natoa futi mfukoni.

Tupige hesabu pamoja. Ndani mnataka nyuzi 20, nje ni 5 chini ya sifuri, kwa hiyo tofauti ni 25. Nikichukulia dari iko mita 2.5, kuta zenu mbili za nje zina mita za mraba 22.5. Toa madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2, unabaki na ukuta wa mita za mraba 19 hivi. Tofali tupu hupitisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ukuta peke yake unameza wati 950. Kioo kimoja hupitisha kama wati 5, kwa hiyo madirisha yenu, pamoja na udogo wake, yanakula 450. Halafu kuna hewa. Kwenye jengo la zamani hewa yote ya chumba hubadilika kama mara moja kila saa, na hiyo mpya inayoingia inadai wati 400 ili ipate joto. Sakafu na dari nimeziacha, kwa kuwa majirani wa juu na chini nao wana joto lao. Jumla ni wati 1,800.

Utasema muuzaji hakukosea sana. Kabahatisha. Chukua sebule ileile ya mita 5 kwa 4, ukuta wake uwe umewekewa kizuia joto kizuri, madirisha yawe ya vioo viwili vya kisasa, nyufa ziwe zimezibwa. Nikirudia hesabu napata wati 530 hivi. Mwenye sebule hiyo akienda dukani kwa huyohuyo atauziwa 2,000 vilevile, karibu mara nne ya haja yake. Si kwamba ataungua, valvu itaibana. Ila amelipia chuma asichokitumia, na ukuta umeliwa bure.

Sasa hilo la "nyembamba". Rejeta bapa za bati la chuma huandikwa namba 11, 21, 22 au 33, na watu hudhani ni saizi. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya paneli zinazopitisha maji. Ya pili ni safu za mapezi, yale mabati yaliyokunjwakunjwa unayoyaona ukichungulia kwa juu. Yenye urefu wa mita 1 na kimo cha sentimita 60 hutoa karibu wati 1,700 ikiwa ni 22. Ikiwa ni 11 hutoa kama 1,000 tu. Mwambie mama kwamba nyembamba anaweza kuipata, lakini itabidi iwe ndefu karibu mita 1.8 ili ifike wati zenu. Ile ya 22 itamaliza kazi kwa mita 1 na kidogo, ila itatokeza ukutani kama sentimita 10 au zaidi. Chukueni futi mkapimie mahali penyewe, kochi likiwa palepale linapokaa.

Kuhusu alumini: wati 1,000 za alumini ni wati 1,000 za chuma, hakuna joto tamu zaidi. Kinachotofautiana ni mwendo. Alumini ni nyepesi, ina maji machache tumboni, inapata moto haraka na kupoa haraka. Inafaa chumba cha kuingia na kutoka. Hiyo yenu ya chuma cha kusubu inaamka polepole kama mzee, lakini boila, yaani mtambo unaopasha maji, ikishazima inaendelea kutoa joto muda mrefu. Sebule ya watu wanaoshinda nyumbani haidhuriki na uzito huo. Tena alumini inachagua maji: yakiwa na ualkali mwingi inaanza kulika, na ikilika inazalisha gesi, ukashangaa kila wiki unatoa upepo ulionaswa ndani ya rejeta. Ukiichukua, hakikisha dawa ya kuzuia kutu mtakayotia kwenye mfumo imeandikwa kuwa inafaa alumini.

Swali langu kwako: ya zamani inavuja? Hukusema inavuja. Kama haivuji, mimi ningeisafisha ndani nikaiacha. Nawaonya pia juu ya kuing'oa. Mwaka wangu wa tatu kazini nilifungua nati ya rejeta kama hiyo nikiwa na ndoo moja. Ndoo ikajaa maji meusi kama wino, ndoo ya pili sikuwa nayo, na zulia la mwenye nyumba lilikuwa la rangi ya maziwa. Ule weusi ni kutu ya chuma iliyosagika laini, na hautoki. Kuishusha ngazi tulikuwa wanaume wanne.

SWALI: Fundi, tunaondoa boila na kufunga pampu ya joto. Aliyekuja kukagua anasema rejeta zote tisa zibadilishwe. Ni kweli au anajitafutia kazi? — Dada mwenye mashaka

JIBU: Dada yangu, inaweza kuwa kweli, inaweza isiwe, na wewe mwenyewe unaweza kujua kabla hujatoa hata senti.

Wati zinazoandikwa kwenye lebo zina sharti lake. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 442 huchukulia kwamba maji yanaingia na nyuzi 75, yanatoka na 65, na chumba kina 20. Yaani kwa wastani maji yana nyuzi 50 zaidi ya chumba. Boila linaweza hayo. Pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani, inafanya kazi kwa raha maji yakiwa 55 kushuka chini, na kadiri yanavyoshuka ndivyo inavyokula umeme kidogo. Yakiingia 55 na kutoka 45, ziada juu ya chumba ni nyuzi 30. Mtu atadhani rejeta itatoa asilimia 60 ya wati zake. Itatoa karibu nusu, kwa sababu joto linapungua kwa kasi kuliko nyuzi zinavyopungua. Ukishuka hadi 45 kuingia na 35 kutoka, unabaki na chini kidogo ya theluthi. Kwa hiyo rejeta iliyokuwa inatosha kabisa kwa boila inaweza kukuacha na sweta.

Lakini rejeta nyingi hazikuwa "zinatosha kabisa". Zilifungwa kubwa kupita kiasi tangu siku ya kwanza, au zilifungwa kabla ukuta haujawekewa kizuia joto na madirisha hayajabadilishwa. Basi fanya hivi wiki ya baridi kali, boila likiwa bado lipo: shusha maji yake hadi nyuzi 55, fungua valvu zote mpaka mwisho, acha liwake mchana na usiku siku mbili. Weka kipimajoto kila chumba. Chumba kitakachoshika joto lake, rejeta yake ibaki. Kitakachoanguka ndicho chenye kazi, na hapo mara nyingi unaitoa ya 11 unaweka 22 au 33 yenye urefu uleule bila kusumbua mabomba sana. Kwenye nyumba nilizozifanyia jaribio hili, zilizoshindwa zilikuwa mbili au tatu. Tisa kati ya tisa sijaiona bado.

Halafu usizipime kwa mkono. Pampu ikianza kazi utazigusa na kuziona vuguvugu, utataka kunipigia simu usiku. Tazama kipimajoto cha chumba, uende ukalale.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mpangaji, siruhusiwi kugusa mabomba. Nimeona rejeta ya umeme yenye mafuta ndani, muuzaji anasema inatumia umeme kidogo kwa sababu mafuta ndiyo yanayotoa joto. — Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo mafuta hayachomwi wala hayaongezwi. Yanapashwa na waya wa umeme uliozama humo, basi. Ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima bila kukata inakula yuniti moja na nusu na kukupa joto la yuniti moja na nusu. Feni ya joto ya wati 1,500 ni hivyohivyo. Hakuna kifaa cha aina hiyo kinachomzidi mwenzake.

Hata hivyo mimi chumbani ningechukua ya mafuta. Haina kelele, haina waya mwekundu wa kuunguza pazia, na ukiizima unapoingia kitandani inaendelea kukutunza kidogo. Ukitaka joto la dakika kumi asubuhi wakati unavaa, chukua feni. Yoyote utakayonunua, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 ni ampea 6.5 mfululizo kwa saa nyingi, na ekstensheni nyembamba iliyosokotwa chini ya zulia haikutengenezwa kwa hilo. Nguo mbichi usianike juu yake.

SWALI: Nataka rejeta nyeusi sebuleni, nasikia nyeusi hutoa joto zaidi. Na bafuni nataka ile ya ngazi ya kuning'inizia taulo, iliyong'aa kama kioo. Unasemaje? — Mpenda mapambo

JIBU: Weka nyeusi kama unaipenda. Joto halitazidi. Rangi ya kawaida ya mafuta, iwe nyeupe, nyeusi au kijani, hutoa joto karibu sawasawa. Macho ndiyo yanayoona rangi. Joto linalotoka kwenye rejeta ni la aina isiyoonekana, na kwa hilo rangi hizo zote ni kitu kimoja. Na jina la rejeta limetokana na neno la kumulika, lakini ile ya mapezi hata haimuliki sana, sehemu kubwa ya joto lake hupanda na hewa.

Kinachobadilisha mambo ni kung'aa kwa metali. Ngazi ya krome inamulika kidogo mno, kwa hiyo hutoa wati chache kuliko ileile iliyopakwa rangi nyeupe. Angalia lebo za zote mbili zikiwa na kipimo kimoja utaona mwenyewe. Halafu ukiifunika taulo mbili nene, umeivalisha koti. Bafu likiwa dogo na halina ukuta wa nje, chukua krome yako ufurahi. Likiwa na dirisha na ukuta wa nje, chukua ya rangi, tena pandisha saizi moja.

SWALI: Fundi mmoja anasema rejeta ikae chini ya dirisha, mwingine anasema huko joto linatoka nje. Nimsikilize nani? — Katikati ya mafundi wawili

JIBU: Kwa kioo kimoja, msikilize wa kwanza. Hewa inayogusa kioo baridi inapoa, inakuwa nzito, inamwagika sakafuni na kuja kukuuma vifundo vya miguu. Rejeta ikiwa chini ya dirisha inaikatiza hapohapo na kuirudisha juu ikiwa na joto. Kwa madirisha mazuri ya vioo viwili mmwagiko huo wa baridi ni mdogo, unaweza kuiweka ukuta wowote.

Ila nimekuta rejeta nyingi zilizowekwa mahali sahihi zikauawa na pazia. Pazia refu likishuka mbele yake, joto lote linapanda kati ya kitambaa na kioo, unapasha dirisha. Likate liishie juu ya rejeta. Acha sentimita 10 chini yake ili hewa iingie, na kochi lisogee, lisiiegemee. Ukuta wa nyuma ukiwa wa nje na mtupu, bandika karatasi ya kuakisi joto kabla ya kufunga. Inasaidia kiasi, wala usimwamini atakayekuahidi miujiza.

SWALI: Nimehamia jengo la zamani sana. Rejeta zina bomba moja tu, ubavuni zina kidude kinachopuliza fsss, na usiku zinagonga kama kuna mtu ndani ana nyundo. Nataka kuweka hizi bapa za kisasa. — Asiyelala

JIBU: Usifanye hivyo, ndugu yangu. Hizo ni za mvuke. Hizi bapa za bati zilitengenezwa kwa maji, zina njia ya kuingia na njia ya kutokea. Yako ina bomba moja linalofanya kazi mbili: mvuke unapanda, ukishapoa unageuka maji, na maji yanarudi kwa bomba lilelile. Hicho kidude kinatoa hewa ili mvuke uingie, kisha kinajifunga.

Kugonga ni mvuke unaokutana na maji yaliyotuama. Chukua pima maji uilaze juu ya rejeta. Lazima iinamie kidogo upande wa valvu, maana ndiko maji yanakorudi. Sakafu za majengo ya zamani huzama, na rejeta huinama upande usiofaa bila mtu kugundua. Ingiza kipande chembamba cha ubao chini ya miguu ya upande wa mbali, mpaka kiputo cha pima maji kisogee kidogo upande huo wa mbali, kisha usiongeze. Nimeshaondoa makelele ya miaka kwa vipande viwili vya ubao, mwenye nyumba akaona nimemdanganya kwa kuwa sikubeba hata spana.

Jambo la pili: valvu yake ama iwe wazi kabisa, ama ifungwe kabisa. Nilipokuwa mwanagenzi nilitumwa kupunguza joto kwenye chumba cha mama mmoja, nikaifunga nusu, nikajiona mjanja. Mvuke ukawa unaingia, maji yakashindwa kutoka. Usiku kucha iligonga, na asubuhi kulikuwa na dimbwi kwenye sakafu ya mbao, limetokea kwenye kile kidude cha ubavuni. Bwana mkubwa wangu hakunikaripia. Alinipa tambara. Ukitaka joto lipungue, badilisha kidude hicho uweke kinachotoa hewa polepole, au weka themostati iliyotengenezwa kwa mvuke, inayokaa kati ya rejeta na kidude.

SWALI: Rejeta ya chumbani juu ni baridi, chini ni moto. Ina miaka 6 tu. Ninunue mpya ya aina gani? — Mwenye haraka

JIBU: Usinunue yoyote. Juu baridi ni upepo umejikusanya. Ingekuwa chini katikati ndiyo baridi, ningesema tope, na hilo ni la kuifungua na kuiosha. Zima pampu inayozungusha maji, subiri maji yapoe, weka tambara, fungua kwa ule ufunguo mdogo kitundu cha upepo kilicho juu ubavuni mwa rejeta, robo mzunguko tu. Itapuliza, itatema matone, ikianza kutoa maji mfululizo funga. Kisha nenda ukatazame geji ya presha ya maji: mifumo mingi ya nyumbani ikiwa baridi hukaa kati ya bari 1 na 1.5, na kutoa upepo huishusha. Ikiwa imeshuka, jaza. Ikirudia wiki ijayo, niandikie tena, ila uniambie ni ya chuma au ya alumini.